Jicho la Bibi Yako na Wimbo Nilioutunga Bila Kuuliza

Milembe mwanangu,

Nimerudi sasa hivi kutoka Igoma kwa bibi yako. Nimekaa hapa barazani na bado sijapata kupumua sawasawa. Mama yako ameniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, ni jua tu. Wewe hupo, umekwenda kuaga wenzako. Begi lako liko sebuleni limeshafungwa, na nilipoingia nusura nijikwae nalo, maana nilikuwa natembea kama mtu aliyepigwa kichwani.

Nilikwenda kwa bibi yako kuomba ruhusa. Kuna jambo nilitaka ulijue kabla hujapanda basi la Arusha kesho, na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa lake kabla halijawa langu, sikutaka kulitoa bila yeye kukubali. Jibu alilonipa limeniacha mdomo wazi. Nitakuambia alichosema, ila nikianza na hicho mengine hayatakaa mahali pake. Nivumilie nianzie mwanzo.

Ya sweta, ya kupiga simu ukifika, ya kutokula kila kinachouzwa dirishani, mama yako ameshayasema na atayarudia kesho stendi. Mimi nataka kukuandikia kuhusu wimbo.

Ulizaliwa ukanikuta tayari ni sauti ya Majabali, kwa hiyo labda hujawahi kujiuliza ilianzaje. Bendi ilikuwa ya Festo. Baba mdogo Festo unayemjua wewe, mwenye kitambi na utani mwingi, wakati ule alikuwa kijana mwembamba asiyecheka. Yeye ndiye aliyetafuta magitaa ya umeme. Yeye ndiye aliyesema mji uliojengwa juu ya mawe kama huu unastahili muziki wa roki, wakati kila mtu Mwanza alitaka kucheza dansi taratibu na mke wake. Watu walitucheka. Tulipiga kwenye kumbi zenye viti vitupu, spika zinakoroma, wahudumu wameziba masikio. Halafu vijana wakaanza kuja, na walipoanza kuja hawakukoma. Siku tuliyojaza uwanja wa Kirumba, nilifungua mdomo nikasikia uwanja mzima unanijibu.

Lakini maneno yote yalikuwa ya Festo. Radi, mafuriko, majabali yanayoporomoka, hasira ya vijana wasio na kazi. Niliyaimba kana kwamba yametoka tumboni mwangu. Watu waliamini, na mimi nikaamini. Nikishuka jukwaani, nikiwa peke yangu, nilikuwa sina neno hata moja la kwangu.

Neno la kwanza lilinijia kwenye kivuko cha Kamanga. Tulikuwa tunakwenda Sengerema kwa kina mama yako, wewe ukiwa darasa la pili au la tatu, umeng'ang'ania vyuma vya pembeni unatazama maji. Karibu yetu alisimama mama mmoja aliyejifunika upande mmoja wa uso kwa khanga, nadhani kwa ajili ya upepo. Nilimtazama nikamkumbuka mama yangu. Na pale pale, bila kutafuta, mstari ukaja mzima mzima: Mama alitoa jicho, nipate kuona.

Nilisisimka mwili. Mama yako aliniuliza nina nini, nikasema baridi.

Habari ya jicho la bibi yako tuliijua wote. Umekua ukiisikia kama nilivyokua nikiisikia mimi. Babu yako alikwenda machimboni nikiwa bado nanyonya, na hakurudi. Bibi yako akabaki na mimi na nyundo. Pale Igoma, nyuma ya yale majabali ambako leo kuna magereji, akina mama walikuwa wanachoma matairi juu ya mwamba mpaka upasuke, kisha wanakaa chini kuponda vipande kuwa kokoto za wajenzi. Siku moja kipande kiliruka kikamwingia jicho la kushoto. Alikuwa anatafuta chakula changu, kipande kikaruka, jicho likaenda. Ndivyo majirani walivyosimulia, na bibi yako hakuwahi kukanusha.

Wimbo niliumaliza kabla ya wiki kuisha. Nilikuwa na galatoni, lile gitaa la mbao lisilohitaji umeme, nikawa naupiga taratibu huku nyuma ya nyumba. Niliona nimepata kitu. Baada ya miaka yote ya kuimba hasira ya Festo, nilikuwa na wimbo uliotoka kwangu, unaomhusu mtu wangu. Nikampelekea Festo.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akainua uso.

"Ni mzuri, Masanja," akasema. "Ila si wa bendi. Majabali hayalii."

"Basi nitautoa mwenyewe."

"Utoe. Mimi siwezi kukuzuia." Akanitazama. "Bi mkubwa mwenyewe ameusikia?"

"Atausikia siku ya uzinduzi. Nataka nimshtukize."

Festo alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akaanza kukaza nyuzi za gitaa lake. Mpaka leo huwa najiuliza alitaka kusema nini. Sijawahi kumuuliza. Utaona, kutouliza ndio ugonjwa wangu.

Uzinduzi tuliufanya hapa hapa Pasiansi, kwenye ule ukumbi wa karibu na ziwa. Labda unakumbuka. Ulivaa gauni jekundu, ukakaa safu ya mbele pembeni ya bibi yako. Nilimnunulia kitenge kipya na kilemba chake. Alikuwa amependeza, na alikuwa ananitazama kwa fahari ambayo sijawahi kuiona tena vile.

Nikapiga galatoni. Nikaimba mama aliyekaa juani, nyundo, moshi wa matairi. Nilipofika pale pa jicho, watu wote wakageuka kumtazama yeye. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Akasimama, akaenda mbele, akamwekea bibi yako noti mapajani. Mwingine akafuata. Unajua inavyokuwa, mtu mmoja akitunza wote wanatunza. Wakapanga mstari, wanawake kwa wanaume, kila mmoja anamwekea noti mapajani, wengine wanamshika kichwa kama wanamwombea.

Niliona bibi yako ameganda. Mikono yake ameiinua kidogo, hataki kugusa zile noti, kama mtu aliyemwagikiwa na kitu. Halafu akasimama. Noti zote zikaanguka sakafuni. Akapita katikati ya watu, amenyooka, akatoka mlangoni, na wewe ukamkimbilia.

Na mimi, Milembe, niliendelea kuimba. Nilidhani furaha imemzidi. Nilimaliza wimbo mpaka mstari wa mwisho, nikainamisha kichwa, nikapokea makofi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Igoma nikiwa bado na yale makofi masikioni. Nilimkuta uani anafua kile kitenge kipya.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Maishani mwangu mwote sikuwahi kumwamkia mama yangu akakosa kuitikia. Hata siku alizonichapa aliitikia kwanza, ndipo akachukua fimbo. Nilisimama pale uani kama mgeni.

"Nani alikuambia nilitoa jicho?" akaniuliza bila kuinua uso.

"Mama, ule ni wimbo tu."

"Nakuuliza, Masanja. Nani alikuambia?"

"Kila mtu anajua. Uliumia unaponda kokoto ili mimi nile, nisome."

"Kokoto niliponda. Hilo ni kweli. Sasa kutoa jicho, mtu anatoaje jicho? Ilikuwa sadaka?" Akakikamua kile kitenge kwa nguvu nikaona mishipa ya mikono. "Watu wameniwekea hela mapajani kama ombaomba wa stendi. Mimi sijawahi kunyoosha mkono kwa mtu. Hata siku tulizolala na njaa."

"Walikuwa wanakutunza, mama. Ni heshima ile."

"Heshima!" Akasimama, na povu linamtiririka mikononi. "Ungetaka kuniheshimu ungesema ukweli. Jiwe lile sikulipiga mimi. Ulilipiga wewe!"

Akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu. Nilimwona ameshtuka kuliko mimi. Neno alilolibana tangu mimi ni mtoto lilikuwa limemtoka, na alikuwa analitazama kama mtu anayetazama sahani iliyokwisha kuvunjika.

Mimi nilicheka. Sijui kwa nini, ndivyo mshtuko ulivyonijia. Nilicheka kicheko kifupi, nikasema, "Mimi? Mimi nilikuwa mtoto." Akasema, "Ndiyo, ulikuwa mtoto," na machozi yakaanza kumtoka jicho lile moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba si maneno ya hasira.

Akanisimulia huku amesimama, kwa sentensi fupi fupi, kama mtu anayetaka kumaliza. Nilikuwa na miaka minne hivi. Akina mama walikuwa na nyundo ndogo ambazo watoto wakubwa walizitumia kusaidia. Mimi niliiokota moja nikaanza kumwigiza. Aliniona, akainama haraka aninyang'anye nisijipige vidole. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na jiwe nilipoligonga. Akina mama wenzake hawakuona, walisikia ukelele tu. Walipofika akawaambia amejiumiza mwenyewe kwa nyundo yake. Akashika neno hilo hilo hospitali, kanisani, na kwa kila aliyeuliza ana nini.

"Sikutaka ujue," akasema. "Sikutaka mtu yeyote aje akuambie uwanjani mkicheza mpira."

Sikumbuki nilivyoaga. Nilijikuta barabara ya Musoma natembea kwa miguu kurudi mjini, magari yananipita. Kijana mmoja kwenye gereji akanitambua, akapaza sauti, "Majabali! Jana ulitumaliza, kaka!" Nikampungia mkono. Najua nilimpungia kwa sababu nakumbuka niliutazama mkono wangu na nikaona ajabu kwamba unaweza kupunga.

Wiki ile ile wimbo ukaanza kupigwa redioni. Wewe unajua ulivyopokelewa, ulikuwa unakuja nao kutoka shuleni. Nyimbo za bendi zilipendwa na vijana, huu ulipendwa na mama zao. Sokoni Kirumba akina mama waliacha kupima dagaa wakaja kunishika mikono. Mmoja, mtu mzima kama bibi yako, alinishika uso akaniambia, "Laiti wa kwangu angekuwa kama wewe." Nami nikajibu asante, mama. Ningejibu nini? Nilikuwa nasifiwa kwa kuimba jicho ambalo mimi ndiye niliyelipiga.

Nikaacha kuuimba. Nilirudi kwa Festo, nikajificha ndani ya maneno yake, radi na mafuriko. Watu wakipiga kelele kuuomba nilijifanya sisikii. Festo alinifuata siku moja nyuma ya jukwaa.

"Masanja, wanataka ule wa jicho. Uimbe basi, hata mimi nitakupigia besi."

"Si ulisema si wa bendi?"

"Nilikosea."

"Hukukosea," nikamwambia, nikaondoka. Alidhani nina kinyongo. Kwa muda mrefu alidhani hivyo, na mimi nikamwacha adhani.

Lakini hilo halikuwa baya sana. Baya ni kwamba niliacha kwenda Igoma. Nilimtuma mama yako na mchele, na sukari, na salamu. Nikijua bibi yako anakuja, nilipata safari. Unaweza ukakumbuka kwamba kuna kipindi baba yako alikuwa "yuko mazoezini" kila Jumapili. Sikuwa mazoezini. Nilikuwa nakaa juu ya mawe pale ufukweni, natazama mitumbwi ya dagaa, nangoja muda upite. Nilikuwa siwezi kumtazama mama yangu usoni. Kila nikiuwaza uso wake nilisikia ule mlio wa nyundo ndogo, ambao kwa kweli siukumbuki hata kidogo.

Akanifuata mwenyewe. Ilikuwa siku ya kazi, wewe uko shule, mama yako yuko sokoni. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na kikapu chake. Niliitazama miguu yake.

"Mbona huji?" akaniuliza, hata hajakaa.

"Kazi nyingi, mama."

"Usinidanganye. Mimi nimekudanganya maisha yako yote, naujua uongo ulivyo."

Akaketi pale kwenye kochi la karibu na dirisha, akaweka kikapu chini.

"Unajua kwa nini nilificha?"

"Nisiumie."

"Kuumia ungeumia tu, kila mtu anaumia. Nilificha ili unitazame. Watoto wenzako walikuwa wanawatazama mama zao hivi," akainua kidevu. "Wewe ungejua, ungekua umeinamisha kichwa. Sasa umejua, na tazama ulivyo. Unazungumza na viatu vyangu. Hiki ndicho nilichokiogopa tangu siku ile, na nimekileta kwa mdomo wangu mwenyewe."

Basi nikainua uso. Ilinichukua nguvu, Milembe, kuliko kuinua spika za Festo. Nikamtazama. Kope la kushoto limeingia ndani na lina kovu dogo kama mkunjo wa kitambaa kilichoshonwa vibaya. Jicho la kulia lina mduara wa kijivu kuzunguka mboni, na siku ile lilikuwa limechoka. Nilikuwa nimeliimba jicho lile la kushoto mbele ya ukumbi mzima, na kumbe sijawahi kulitazama kwa muda wa kutosha hata kujua kovu lake liko vipi.

Tukanywa chai. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Jumapili iliyofuata nilikwenda Igoma, na sikukosa tena.

Tangu hapo nimeendelea kutunga nje ya bendi, unajua, nyimbo zile ambazo redio hawazipigi. Lakini kabla sijaandika juu ya mtu huwa namfuata. Yule mzee anayefunga kamba kivukoni Kamanga, nilikaa naye siku nyingi kabla ya kumtungia. Nilipomwimbia mara ya kwanza akasikiliza, akacheka, akasema, "Sawa, ila pale pa pombe patoe, mke wangu ana redio." Nikapatoa. Palikuwa na mstari mzuri kuliko yote. Nilijifunza kwamba wimbo unaweza kupoteza mstari wake mzuri kuliko yote na ukabaki wimbo, na mzee wa watu akabaki na nyumba yake.

Nilifikiri kwa hayo nimeshapona. Ndiyo maana nilitaka kukuambia. Unakwenda kuwa mtangazaji. Utapewa kinasa sauti, utatumwa kwa watu waliofiwa, walioungua, waliofukuzwa, na utarudi na maneno yao mfukoni. Nilitaka ujue lililompata baba yako alipochukua habari ya mama yake mzazi akaitengeneza vizuri, ikapendeza, ikaimbwa na nchi nzima, na haikuwa kweli. Leo mchana nikaenda kuomba ruhusa nikuambie.

Nilimkuta anachambua mchicha mlangoni. Akaitikia shikamoo yangu, nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, Milembe anaondoka kesho."

"Najua. Alikuja jana kuniaga."

"Nataka nimwambie ile habari. Ya jicho. Kama utaniruhusu."

"Habari gani ya jicho?"

"Kwamba ni mimi."

Akaacha kuchambua. Akanitazama, halafu akaanza kucheka, ule mcheko wake wa kutikisa mabega.

"Masanja, Milembe anajua."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Anajua. Tangu yuko kidato cha pili."

Nilishika mlango, na nilikuwa nimekaa.

"Ulimwambia wewe?"

"Aliniuliza." Akachukua tena mchicha, anachambua na kusimulia kama mtu anayesimulia habari za soko. "Alikuja na sare zake za shule. Walikuwa wameimba wimbo wako darasani, mwalimu akamsimamisha mbele, huyu ndiye mjukuu wa yule mama. Akaja moja kwa moja hapa. Akaniambia, bibi, baba ameimba kwamba ulitoa jicho, lakini nataka nisikie kwako. Ilikuwaje? Basi nikamwambia. Nimeulizwa, nikajibu."

"Yote?"

"Yote. Akaniuliza iliuma kiasi gani. Akaniuliza kama nilikukasirikia. Nikamwambia siku ya kwanza nilikasirika, ndiyo, mimi ni mtu. Akaniuliza siku ile nilifikaje hospitali. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, hata mama yangu."

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Ulifikaje, mama?"

"Kwa miguu mpaka barabarani, nimeziba jicho na khanga. Na wewe mgongoni."

"Mimi? Mimi sikuwa nimeumia."

"Ulikuwa unalia kuliko mimi," akasema. "Ningekuacha na nani, na ulikuwa hutaki kushikwa na mtu mwingine?"

Milembe, nimepanda majukwaa kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu na sijawahi kukosa pumzi kama nilivyokosa pale kwenye kigoda. Alitembea na damu usoni, jicho limekwenda, amenibeba mgongoni mimi niliyelipiga, ananibembeleza ninyamaze. Na mimi nikaenda nikatunga wimbo mzima juu ya siku ile bila kujua hilo.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza. "Siku ile uani, au ulipokuja Pasiansi. Kwa nini hukuniambia kwamba ulinibeba?"

"Wewe hukuuliza," akanijibu. "Wewe ulitunga."

Hakusema kwa uchungu. Alisema huku anaondoa mdudu kwenye jani.

Nikamuuliza ulifanya nini baada ya kusikia. Akasema ulimfulia nguo zilizokuwa kwenye beseni, ukamwambia hutasema kwa mtu, ukaondoka kabla giza halijaingia.

Kwa hiyo siku hiyo ulirudi hapa. Nimekuwa nikijaribu kuikumbuka tangu nitoke Igoma na siwezi. Ulirudi na sare zako, umejua nilichofanya, umejua wimbo ulionijengea jina ni wa uongo. Ukaniamkia. Tukala. Labda nilikutania, labda nilikugombeza kwa kuchelewa. Na kesho yake, na miaka yote iliyofuata, uliniletea chai jukwaani, ulinishika mkono nilipozidiwa na mawazo, ulinicheka nilipokosa sauti. Siku moja uliniuliza mbona siuimbi ule wimbo, nikakudanganya kwamba sauti yake ni ya juu sana kwa umri wangu. Ulinitazama, ukasema, "Sawa, baba." Nilidhani umeamini. Kumbe ulikuwa umenipa nafasi ya kusema, na nilipoikataa hukunidharau. Macho yako hayakubadilika hata kidogo. Nimeyakagua yote ninayoyakumbuka, na siioni siku yalipobadilika.

Sijui nikushukuru vipi kwa jambo ambalo ulilifanya bila mimi kujua. Nilikaa kukuandikia nikufundishe kuuliza, na wewe ulishauliza ukiwa na sare za shule, ukapata jibu ambalo mimi sikulipata na gitaa langu lote. Redio ya Arusha inapata mtu.

Barua hii sitaiweka kwenye begi lako uikute njiani. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla hatujala. Isome hapo hapo barazani, mimi nitakuwa sebuleni najifanya natafuta kitu. Bibi yako amesema atakuja stendi kesho, na atataka kukuona unacheka, kwa hiyo yaliyo ya kulia tuyamalize leo.

Ukimaliza kusoma, ingia ndani. Huenda nisijue nianze wapi, maana tangu mchana naona kama sina ulimi. Kuna mambo mengi ya baba yako ambayo hayamo katika wimbo wowote, wa Festo wala wangu, na hakuna mtu aliyewahi kutaka kuyajua.

Niulize.

Baba yako,
Masanja